Tathmini ya umezaji kwa watoto mnapokuwa wachache: mwongozo kamili kutoka Moshi

Mtoto ana miaka miwili na nusu, ana mtindio wa ubongo, na amelazwa kwa nimonia mara ya tatu tangu masika. Faili lake limenenepa. Ndani mna picha za kifua, majibu ya damu na orodha ya karibu kila antibayotiki iliyopo dirisha la dawa. Hakuna mstari hata mmoja unaosema kuna mtu aliyekaa akamtazama akila. Kama unafanya kazi wodi ya watoto huku Kaskazini, faili hilo umeshalishika.

Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo, yaani namsaidia mgonjwa kumudu shughuli za kila siku kama kula na kuvaa. Sikusomea usemi na umezaji kama taaluma, na nalisema mapema kwa sababu huku kwetu kazi hii mara nyingi huangukia mikono ya watu kama mimi. Kwa miaka mingi wataalamu wake walisomea nje, au walikuja kujitolea, wakafundisha, wakapanda ndege. Sasa Muhimbili kuna shahada ya usikivu na usemi, ila nchi ni kubwa na wahitimu wanahesabika. Moshi tuna nafuu moja: hospitali ya KCMC ina shule za fiziotherapia na tiba kwa vitendo, kwa hiyo watu wa kufundishika hawakosekani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuijenga huduma kwa watu mlio nao, na namna ya kuizuia isife siku mmoja wenu akihamishwa.

Hatua ya 1: Hesabu watu, acha vyeo

Chukua daftari, zunguka hospitali siku moja nzima. Pita wodi ya watoto, chumba cha watoto njiti, kliniki ya mtindio, lishe, idara ya masikio, pua na koo, mionzi, na jikoni pia. Usiulize nani ni mtaalamu. Uliza nani yupo hapa mtoto anapolishwa, saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku. Jibu litakuwa lile lile kila mahali: mama, bibi na sista wa zamu. Sisi wa mazoezi ya viungo tunaingia saa tatu, chai imeshanywewa, tunaondoka kabla ya chakula cha jioni.

Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo jambo hili halikutazamwa. Walikuja wageni, semina ikawa ya siku tatu, vyeti vikagawiwa, na aliyefundishwa kwa kina akawa mwenzetu mmoja tu, kijana hodari kweli. Haikupita miezi mitano akapata uhamisho. Fomu zote za tathmini zilibaki ndani ya kabati lililofungwa, na ufunguo aliondoka nao mfukoni bila kujua. Tulilifungua kwa bisibisi baada ya wiki kadhaa, tukakuta fomu zipo, mtu wa kuzisoma hayupo.

Kwa hiyo kwenye daftari lako andika safu ya pili: nani atakuwepo mwakani? Wanafunzi na walio mafunzo kazini wafundishe kwa moyo wote, lakini usiwahesabu.

Hatua ya 2: Gawa kazi kwa ngazi, na uandike kila ngazi isichoruhusiwa

Ngazi ya kwanza ni ya kila sista na kila mhudumu anayegusa mtoto: kuuliza maswali ya uchujaji, kuhesabu pumzi, kujua dalili za kusimamisha mlo, na kuita. Basi. Haruhusiwi kusema "huyu anameza vizuri" na kufunga mjadala.

Ngazi ya pili ni ya watu wanne hivi. Kwetu ni mtoa tiba kwa vitendo, mfiziotherapia, sista mmoja na afisa lishe. Hawa ndio wanaofanya mlo wa kutazamwa, wanaobadili mkao, kijiko na wepesi au uzito wa chakula. Hawaruhusiwi kuamua mtoto aachishwe kula kwa mdomo moja kwa moja, wala kuamua mrija wa kulishia utolewe.

Ngazi ya tatu ni daktari bingwa wa watoto pamoja na mtaalamu wa umezaji, hata kama huyo mtaalamu yuko Dar es Salaam na mnampata kwa simu. Hapo ndipo maamuzi mazito yanapofanyika: mrija wa muda mrefu, upasuaji, kipimo cha picha.

Watu wengi hukimbilia kuandika nani afanye nini. Mimi naona "asifanye" ndiyo inayomlinda mtoto, tena inamlinda na mfanyakazi. Sista akijua mpaka wake ulipo anapata ujasiri wa kufanya vizuri kilicho ndani yake.

Kama mko serikalini, hakikisha kila mmoja ameiingiza kazi hii kwenye majukumu yake katika PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Kazi isiyoonekana humo ni ya kwanza kutupwa zamu zikibana.

Hatua ya 3: Rekebisheni swali lenyewe

Hili ndilo jambo ambalo semina za wageni haziwezi kutusaidia, kwa kuwa liko ndani ya Kiswahili chetu. Sote tunauliza, "Mtoto anapaliwa?" Kwa mzazi, kupaliwa ni lile tukio linaloonekana: kikohozi, macho kutoka, mgongo kupigwapigwa. Kumbe mtoto anayetisha zaidi ni yule ambaye chakula kinateremka njia ya hewa naye hakohoi kabisa, kwa sababu koo halimpi taarifa. Huyo mama yake atakujibu kwa unyoofu, "Hapaliwi," nawe utaweka alama ya vema kwenye fomu.

Swali hilo libaki, lakini liwe la mwisho. Kabla yake uliza haya:

– Unaanza kumlisha saa ngapi, unamaliza saa ngapi? Mlo unaozidi nusu saa kila mara ni dalili.
– Akishakula sauti yake inabadilika? Anasikika kama anayesukutua?
– Pumzi zinakwenda mbio akila? Anatoka jasho, anachoka, analala katikati?
– Amelazwa au kutibiwa kifua mara ngapi mwaka huu?
– Maji na uji, kipi kinamshinda?
– Chakula hutokea puani?
– Kadi ya kliniki iko wapi? Mstari wa uzito unapanda, umelala au unashuka?

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 pima na mzingo wa mkono, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na hapo afisa lishe aitwe leo leo.

Hatua ya 4: Mlo wa kutazamwa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vifaa havizidi mkoba mmoja: kijiko kidogo kisicho na kina, kikombe kifupi, bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, saa yenye mshale wa sekunde, stethoskopu, taulo, khanga mbili, tochi ya simu. Kipima oksijeni cha kidoleni kikiwepo kitumieni, lakini kisiwadanganye. Chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu na namba ikabaki nzuri.

Usianze kama mtoto anasinzia, ana homa kali, au pumzi tayari ziko juu. Mipaka ya pumzi mnaijua: 60 au zaidi kwa dakika kwa mwenye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, kosa la pumzi moja linageuka kuwa nne.

Chakula kiwe kile kile anacholishwa nyumbani, na anayelisha awe yule yule wa nyumbani. Kuna bibi mmoja alimleta mjukuu kutoka Rombo. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwambia, "Bibi, naomba nikuone unavyomlisha, nijifunze." Akamlaza mtoto mapajani, kichwa kikaning'inia nyuma ya mkono wake, akamimina uji kwa kikombe, mdogo mdogo, kwa upendo wote. Mtoto hakukohoa hata mara moja. Lakini nilikuwa nimehesabu pumzi 36 kabla ya kuanza, na baada ya dakika saba zilikuwa 52. Macho yalilengalenga machozi. Alipolia kidogo, sauti ilikuwa na maji ndani yake. Bibi akanitazama: "Unaona? Hapaliwi huyu."

Usimnyang'anye kijiko mtu wa namna hiyo. Amemweka mtoto hai miaka miwili. Nilimwambia, "Bibi, umemfikisha mbali. Sasa tumkalishe kidogo tuone." Tukamkalisha pembeni mwa kiti, nyonga zimerudi nyuma kabisa, khanga moja imezungushwa kiunoni kumshikilia, nyingine imekunjwa chini ya miguu. Kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo tu. Kijiko kiliingia kwa usawa wa mdomo, kikakandamiza ulimi taratibu, tukasubiri midomo ifunge. Sekunde tatu, nne. Zoloto, kile kifundo cha mbele ya koo, ikapanda na kushuka. Ndipo kijiko cha pili.

Angalia kwa mpangilio huu: midomo inafunga? Ulimi unasukuma nje au unarudisha nyuma? Unaona koo likipanda, na anameza mara ngapi kwa kijiko kimoja? Mdomoni kuna masalia? Weka stethoskopu shingoni kando ya zoloto usikilize pumzi kabla na baada ya kumeza. Ukisikia mkoromo wa majimaji uliokuwa haupo, andika. Sauti hiyo peke yake haithibitishi kitu, ila ikiungana na pumzi na sauti ya kulia inaanza kueleza jambo.

Simamisha mlo papo hapo kama anabadilika rangi, pumzi zinavuka mpaka, anakohoa bila kupata nafuu, au anakuwa mlegevu. Na kama umeona mtu anambana mtoto pua ili ameze, simamisha hiyo kabla ya yote.

Kwa mwenye mtindio wa ubongo aliyetimiza miaka mitatu, malizia kwa kumpanga kwenye ngazi ya kwanza hadi ya tano ya EDACS, mfumo wa kupanga uwezo wa kula na kunywa. Ni kipimo kifupi, na kinawapa watu watatu tofauti lugha moja ya kumwelezea mtoto mmoja.

Hatua ya 5: Uji uwe na kipimo

"Mpe uji mzito." Mzito kiasi gani? Nimeona mama watatu wakiambiwa hivyo, mmoja akaja na uji wa kunyweka, mwingine na kitu kinachokaribia ugali.

Tumieni IDDSI, mfumo wa kimataifa wa kupanga uzito wa vyakula na vinywaji, ambao kwa vinywaji unataka bomba la sindano tu. Toa kisukumio, ziba tundu kwa kidole, jaza hadi mililita 10, achia sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Chini ya mililita 1: daraja la 0, sawa na maji. Kati ya 1 na 4: la kwanza. Kati ya 4 na 8: la pili. Zaidi ya 8: la tatu. Kisipodondoka kabisa, umeshafika la nne, na hapo pima kwa kijiko: kikae juu ya kijiko bila kutiririka, kisha kiinamishe kidondoke kwa mkupuo. Mabomba hayalingani, umbali kutoka alama ya 0 hadi ya 10 uwe milimita 61.5. Pima kwa rula kabla ya kulifundishia.

Mambo matatu ya jikoni kwetu. Uji unazidi kuwa mzito ukipoa, kwa hiyo upimwe ukiwa na joto lile analokunywa. Uji wa lishe wenye karanga una chenga zinazoziba tundu na kukupa jibu la uongo, hivyo uchuje, na kumbuka kwamba kama chenga zinaziba bomba basi mtoto naye anazisikia kooni. Na kijiko kikitoka mdomoni kikarudi bakulini mara nyingi, mate yanaufanya uji kuwa mwepesi; pakua kidogo kidogo kwenye bakuli la pembeni. Mtori ni rafiki mkubwa wa huduma hii, ukishaondoa nyuzi za nyama.

Maziwa ya mtoto njiti msiyafanye mazito kwa kitu chochote. Huyo kumeza, kunyonya na kupumua kwa mpangilio huanza kuelewana karibu na wiki ya 32 hadi 34 ya ujauzito, na kabla ya hapo anachohitaji ni muda, kifua cha mama na mrija.

Hatua ya 6: Mafunzo yafuate zamu

Semina ya siku tatu inajaza ukumbi na kuacha wodi tupu. Sisi tuliichana tukaigawa saa moja kila wiki, siku ile ile, mchana, kwenye chumba cha mazoezi, na ikarudiwa wiki hiyo hiyo kwa waliokuwa zamu ya usiku.

Somo la kwanza halina slaidi. Watu wanalishana. Mmoja analala chali kichwa nyuma, mwenzake anamlisha mtindi kwa haraka bila kumsemesha. Daktari mmoja kijana aliinuka akaenda kutema dirishani. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhutubiwa kuhusu mkao.

Kisha kila wa ngazi ya pili anatazama tathmini tano, anafanya tano akitazamwa, halafu anafanya peke yake na kuleta fomu zake zisomwe. Hizo tano ni namba yetu tu; mwingine alihitaji tisa, tukampa tisa. Daftari la ujuzi lisainiwe na aliyeona kwa macho yake, na kila miezi sita mtu atazamwe tena, hata mimi.

Matroni ndiye ufunguo wa jambo hili. Masista huzungushwa wodi, kwa hiyo mwombe wawili wa wodi ya watoto wasihamishwe wote kwa mwezi ule ule. Usimwandikie barua kwanza. Nenda umwone, mweleze kuhusu kitanda kinachoshikwa na nimonia inayojirudia, mwalike atazame mlo mmoja.

Video za simu zinafundisha kuliko picha ya kitabuni, maana unaweza kurudisha nyuma sekunde ile zoloto ilipopanda. Lakini mzazi asaini ridhaa, video ikae kwenye kifaa cha idara, na isirushwe kwenye grupu la WhatsApp hata la wataalamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu na watoto wetu.

Hatua ya 7: Mashine, na swali la kuuliza kabla yake

Vipimo viwili ndivyo vinavyoona ndani: eksirei ya mwendo ambapo mtoto hula chakula kilichochanganywa na bariamu, unga unaoonekana kwenye eksirei, na kamera nyembamba inayopitishwa puani na watu wa masikio, pua na koo. Tathmini ya kitandani, hata iwe nzuri vipi, haiwezi kukuhakikishia kama chakula kinaingia njia ya hewa kimyakimya. Mwambieni mzazi hivyo.

Angalizo: eksirei ya bariamu ya kawaida inatazama zaidi umio, yaani njia ya chakula kuelekea tumboni. Ukiandika tu "bariamu" utaletewa picha ya umio. Andika unataka kuona koromeo wakati wa kumeza, ukiwa na uji wa daraja gani na mkao gani, na mlishaji awe chumbani. Kabla ya kumtuma mtu hadi Dar es Salaam au Nairobi, jiulizeni: jibu litabadili nini? Kama mmeshaamua vyovyote iwavyo, mwepushieni mionzi na nauli.

Hatua ya 8: Mrija

Kuna watu huutazama mrija wa puani kama kushindwa. Kwa mtoto anayepungua uzito na kupumua mbio kila mlo, ni mapumziko. Kosa letu la kawaida ni kupuliza hewa na kusikiliza tumboni, kisha kusema uko sawa. Njia hiyo haiaminiki. Vuta majimaji, pima asidi kwa karatasi: 5.5 au chini ndiyo kibali cha kulisha. Ukishindwa kuvuta, usilishe, piga eksirei. Na mdomo usisahauliwe: usafishwe kila siku, hata kwa asiyekula nao.

Hatua ya 9: Akirudi nyumbani

Mpe mzazi karatasi ya Kiswahili yenye mambo matatu, yasizidi: mkao, kijiko, uzito wa uji. Bibi wa Rombo nilimchorea. Mwambie alishe mbele yako kabla hajaondoka, kisha mpangie kurudi baada ya wiki mbili, siku moja na kliniki nyingine aliyo nayo, maana nauli ya kutoka Rombo au Same hailipwi mara mbili. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chake apigiwe simu akiwa bado wodini.

Hatua ya 10: Daftari, kisha ikama

Usingoje kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za afya cha serikali, kikuletee safu ya umezaji. Fungueni daftari lenu: tarehe, umri, aliyechuja, aliyetathmini, uamuzi, uzito, kulazwa tena kwa kifua. Kila mwezi jumlisha, peleka nakala kwa mganga mfawidhi na kwa anayeshughulikia ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika. Ombi la kuajiri mtaalamu wa usemi na umezaji lisilo na daftari nyuma yake ni malalamiko tu, na malalamiko wanayo mengi.

Halafu nenda likizo. Zote siku 28, simu ukiwa umeizima mchana. Mara ya kwanza niliporudi nilikuta kurasa nyeupe kuanzia siku niliyoondoka, na fomu zimepangwa vizuri ndani ya kabati, safari hii likiwa wazi. Mara ya pili nilikuta watoto sita, miandiko mitatu tofauti. Mmoja, kwa kalamu nyekundu ya sista wa usiku: "Alianza 38, akafika 55, tumesimamisha, dokta ameitwa, mama ameelezwa."